Kipokezi kisicholala: kwa nini betri za kengele, geti na kufuli huisha haraka

Rimoti ya geti hukaa na betri yake ndogo ya duara miaka miwili, mitatu, hata mwenye nyumba akasahau kwamba ina betri. Kisanduku cha upande wa pili, kile kinachopokea amri, kikiwekewa betri mpya huzimaliza kabla mwezi haujaandama tena. Wengi hudhani wameuziwa betri mbovu na kurudi dukani kugombana. Mara nyingi muuzaji hana kosa. Anayesema kwa redio husema nusu sekunde kisha akanyamaza. Anayesikiliza hajui ataitwa saa ngapi, kwa hivyo hukesha.

Kwa geti, hasara ni usumbufu: mtu anashuka garini kwenye mvua na kusukuma kwa mkono. Kwa kufuli la chumba cha wageni kule Diani au Watamu, ni mgeni amesimama nje saa nane za usiku na mtunza nyumba amelala ng'ambo ya kijiji. Kwa kengele ya mgonjwa ni jambo zito zaidi. Siku hizi familia nyingi humpa mzee aliyelala chumba cha nyuma kitufe cha kubonyeza, na anayemuuguza hubeba kipokezi mfukoni au hukiweka karibu na kitanda chake. Kipokezi hicho kikifa betri hakilii wala hakisemi. Mzee anabonyeza, taa ya kitufe chake inawaka vizuri, naye anaamini ameita.

Tuanze na hesabu, ambayo ni ya darasa la sita. Betri moja ya alkalaini ya saizi ya AA, ikitumiwa polepole, hubeba kiasi cha miliampea-saa 2,000 hadi 2,800. Tuchukue 2,500. Ukizipanga tatu kwa kufuatana unaongeza volti, huongezi hizo miliampea-saa. Kile kibao kidogo cha kupokea masafa ya megahezi 433, ambacho mafundi wengi huanzia, hula takriban miliampea 4 muda wote kiwapo hai, awepo mtu wa kukiita au asiwepo. Gawanya 2,500 kwa 4, unapata saa 625. Hizo ni siku 26.

Sasa tazama rimoti. Ikibonyezwa mara kumi kwa siku, nusu sekunde kila mara, inafanya kazi sekunde tano tu katika saa 24. Betri yake ya CR2032 ina miliampea-saa 220 hivi, chini ya sehemu moja ya kumi ya ile ya AA, na bado itakufa kwa uzee kabla ya kumalizwa na kazi.

Kibao hicho cha megahezi 433 kina ukoo wa zamani. Mzunguko wake ulibuniwa na Mmarekani Edwin Armstrong mwaka 1922, na sifa yake ni kwamba transista moja au mbili zinatosha kusikia mawimbi dhaifu sana. Ndiyo maana ni rahisi kununua. Lakini una tabia moja inayokera: pasipokuwa na mtu anayetuma, hautulii. Hutoa mchakato wa kelele kama redio iliyo kati ya stesheni, na kelele hizo huingia moja kwa moja kwenye chipu inayosoma amri. Chipu inabaki ikichambua takataka usiku kucha, ikitafuta ndani yake neno la maana. Kwa hivyo walio macho ni wawili, kipokezi na msomaji wake.

Kulala na kuchungulia

Dawa ya msingi inajulikana tangu zamani, na kila kifaa kizuri cha betri huitumia kwa namna yake: kipokezi kilale, kiamke kwa muda mfupi, kichungulie kama kuna anayeita, kisha kilale tena. Ugumu uko kwenye kuchagua muda wa kulala na muda wa kuchungulia.

Chukua rimoti za kawaida zenye chipu ya EV1527. Ujumbe wake mmoja una alama 24, yaani 20 za utambulisho wa rimoti na 4 za vitufe, na huchukua takriban milisekunde 40. Rimoti huurudia ujumbe huo bila kukoma maadamu kidole kiko juu ya kitufe. Kati ya ujumbe mmoja na mwingine kuna kimya cha milisekunde kama 10. Kipokezi kikichungulia kwa milisekunde 5 tu, kinaweza kuangukia katikati ya kimya hicho na kurudi kulala kikiamini hakuna mtu. Basi kinahitaji kusikiliza milisekunde 12 hivi, na kiongezewe 3 za kujipanga baada ya kuamka, maana mzunguko wa redio hauwi tayari papo hapo. Jumla 15.

Kikiamka mara nne kwa sekunde, kitakuwa macho milisekunde 15 katika kila 250. Hiyo ni asilimia 6 ya muda. Miliampea 4 zinageuka kuwa 0.24 kwa wastani, ukiongeza kidogo cha chipu inayohesabu muda wa kulala unafika 0.25. Betri zile zile zilizodumu siku 26 sasa zinadumu saa 10,000, zaidi ya siku 400. Hakuna kilichonunuliwa. Kimebadilika ni mwenendo tu, yaani programu iliyoandikwa kwenye chipu. Na mtu anayebonyeza kwa nusu sekunde bado atasikika, kwa sababu hata kipokezi kikiamka kwa kuchelewa robo sekunde kinabakiwa na muda wa kusoma ujumbe mzima mara mbili au zaidi.

Kuna kasoro moja. Kwa kuwa kibao hiki hupiga kelele hata pasipokuwa na kitu, chipu haiwezi kuuliza tu "je, kuna sauti?" Lazima ipime upana wa mapigo. Mapigo ya rimoti ni ya vipimo viwili, fupi na refu, yanayorudiarudia kwa mpangilio. Mapigo ya kelele hayana mpangilio. Programu inayopima mapigo sita au saba ya mwanzo na kukata shauri inaokoa betri. Programu inayosubiri hadi ujumbe mzima ndipo ijue ni takataka huipoteza.

Unaweza kwenda mbali zaidi ukiwa na mamlaka juu ya pande zote mbili. Ukitengeneza pia kitumaji, mwambie atangulize mlio mrefu wa sekunde nzima kabla ya amri yenyewe. Hapo kipokezi kinaweza kulala karibu sekunde nzima, kikachungulia milisekunde 2, na hakiwezi kuukosa mlio. Chipu kama CC1101 ya Texas Instruments imewekewa uwezo wa kujiamsha na kuchungulia hivyo yenyewe. Na hapa kuna jambo linalowashangaza mafundi wapya: chipu hiyo ikiwa macho hula takriban miliampea 16, mara nne ya kile kibao cha bei ya chini, lakini milisekunde 2 katika 1,000 ni wastani wa mikroampea 32 tu, na mikroampea elfu ndizo zinazofanya miliampea moja. Ongeza mikroampea tatu za usingizi, ufike 35. Kwenye karatasi, betri zetu zitakaa miaka 8. Kwenye kisanduku cha nje huku Pwani hazitakaa hivyo, tutaona kwa nini, lakini hoja imesimama. Kinachomaliza betri ni ulaji ukizidishwa na muda wa kukesha. Anayenunua kipokezi kwa kutazama tu miliampea zilizoandikwa kwenye pakiti anasoma nusu ya habari.

Gharama ya mlio mrefu haikupotea, imehamia kwa mtumaji. Kwa kengele inayobonyezwa mara chache kwa siku ni haki. Kwa kipimo cha joto kinachotuma kila dakika si haki hata kidogo, na kinajaza hewa ya jirani kwa milio.

Vifaa vya majina makubwa vinafanya nini

Makufuli ya Z-Wave hutumia desturi hiyo hiyo ya mlio. Kufuli huamka kila sekunde moja, au kila milisekunde 250 kwa aina nyingine, na kifaa kikuu cha nyumba kinapotaka kulifungua huanza kwa kulimulika kwa wimbi la kuamsha. Ndiyo maana ukibonyeza simu, kufuli la namna hii huweza kuchelewa kidogo. Si ubovu, ni usingizi.

Zigbee ilichagua njia nyingine. Kifaa cha betri kinapewa mlezi, ambaye ni kifaa cha karibu kilichounganishwa na stima: taa, soketi au kisanduku kikuu. Mlezi hakati usikivu. Anayetaka kumwambia kitu aliyelala humwachia mlezi ujumbe, naye aliyelala huamka kwa ratiba yake na kuuliza, "Nina barua?" Kanuni za kiwango cha IEEE 802.15.4, ambacho Zigbee imejengwa juu yake, zinampa mlezi sekunde 7.68 za kuutunza ujumbe kabla ya kuutupa. Kwa hivyo kifaa kinachotaka kupokea amri bila kuzikosa hakiwezi kulala saa nzima kati ya swali na swali.

Wi-Fi ni mlafi. Chipu zinazotumika katika soketi na kengele za Wi-Fi hula zaidi ya miliampea 50 zikisikiliza. Kengele ya Wi-Fi ya betri huokolewa na jambo moja, kwamba hulala fofofo na kuamshwa na kitufe chake yenyewe, si na redio. Ukitaka kifaa cha betri kinachopokea amri kutoka simu muda wowote, Wi-Fi ni chaguo baya, na sioni haja ya kuzunguka maneno hapa.

Wako pia waliojaribu kuondoa betri kabisa. EnOcean ya Ujerumani hutengeneza swichi zisizo na betri, ambazo nguvu ya kidole ndiyo inayozalisha umeme wa kutuma ujumbe. Ni kazi nzuri sana. Lakini tazama upande wa pili wa swichi hizo na utakuta kipokezi kimefungwa kwenye stima ya nyumba. Kusema ni rahisi hata kwa nguvu za kidole. Kusikiliza kunahitaji posho ya kila siku.

Stima ikipotea

Mafundisho mengi ya vifaa hivi yameandikwa kwa nyumba ambazo stima haikatiki. Kwetu hukatika, na usiku wa Agosti 25, 2023 ilikatika karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Fikiria linalotokea ndani ya nyumba yenye Zigbee. Taa na soketi zote zilizokuwa walezi zimezimika. Kipima mlango, bomba la bustani na kufuli bado vina betri, vinaamka na kuuliza kama kuna barua, na hakuna anayejibu. Kifaa kilichoandikiwa programu kwa busara hujaribu mara kadhaa, kisha huongeza muda wa kulala kati ya jaribio na jaribio. Kilichoandikwa kwa haraka hupiga kelele masafa baada ya masafa kikitafuta mlezi mpya, na usiku mmoja wa namna hiyo unaweza kula betri ya wiki nyingi.

Si lazima stima ipotee mtaani. Mtu akizima taa yake ya Zigbee kwenye swichi ya ukutani, amemuua mlezi. Nyumba ambayo watoto wanazimazima swichi ndiyo nyumba ambayo betri za vipima mlango hazikai, na mwenye nyumba anahangaika kubadilisha aina ya betri. Weka mlezi mmoja ambaye hakuna anayemzima, soketi iliyofichwa nyuma ya kabati kwa mfano, na kisanduku kikuu kiwe kwenye betri ya akiba pamoja na ruta.

Mageti nayo yana kisa chao. Geti nyingi za umeme zina betri ya akiba ya volti 12 na ampea-saa 7. Kibao cha kupokea, pamoja na regyuleta na taa yake ndogo, kikila miliampea 20, betri hiyo ingedumu saa 350, wiki mbili, bila kusukuma geti hata mara moja. Lakini betri ya risasi na asidi ikinyonywa mpaka mwisho huharibika. Ukitaka iishi, tumia nusu, yaani wiki moja. Kwa shamba lisilo na stima, linalotegemea paneli ya jua, hizo miliampea 20 ni karibu wati-saa 6 kila siku, zinazoliwa na sikio pekee. Paneli ya wati 10 hulimudu hilo kiangazi. Masika, wiki ya mawingu matupu ikifuatana na geti linalofunguliwa mara arobaini kwa siku, hesabu hugeuka. Punguza sikio lile kuwa miliampea 1 na limebaki karibu theluthi moja ya wati-saa.

Wezi walio ndani ya kisanduku

Fundi aliyefaulu kukilaza kipokezi hushangaa kuona betri bado zinaisha. Mwizi wa kwanza ni regyuleta. Ile 7805 inayojulikana na kila mtu hula yenyewe takriban miliampea 5 hata ikiwa haina inayemlisha, zaidi ya kipokezi chenyewe. Ndugu yake AMS1117, iliyo kwenye vibao vingi vya bei ya chini, si bora. Kuna za MCP1700 zinazoridhika na chini ya mikroampea 2. Tofauti ya bei ni ndogo mno kuliko betri moja ya ziada.

Mwizi wa pili ni taa nyekundu ya kuonyesha kwamba kifaa kimewaka. Ng'oa. Kama unaihitaji, iache imweke mara moja kila sekunde kumi. Wa tatu ni rilei. Rilei ya kawaida ya volti 5 hula kama miliampea 70 muda wote inaposhikilia, kwa hivyo taa ya bustani inayowashwa jioni hadi asubuhi huua betri za kidhibiti kwa siku chache. Ipo rilei ya aina nyingine, inayosukumwa kwa pigo moja fupi na kubaki ilipowekwa hadi pigo jingine. Mabomba ya bustani ya betri yana vali za mtindo huo, na ndiyo sababu betri zake hukaa msimu.

Chumvi, joto na matumbawe

Hewa ya bahari ina mchango wake. Kipokezi kinachoishi kwa mikroampea 30 kinaweza kuibiwa mikroampea 30 nyingine na unyevu wenye chumvi uliotanda juu ya kibao, ukapitisha umeme kati ya nyaya ambazo hazipaswi kukutana. Kwenye redio ya miliampea 50 wizi huo hauonekani. Kwenye kifaa kilichokazwa hivi, ni nusu ya chakula. Paka kibao vanishi ya sakiti, isipokuwa antena na viunganishi. Ukifunga kisanduku kwa silikoni, jihadhari na ile inayonuka siki, kwa kuwa mvuke wake hula shaba. Tafuta ile isiyo na asidi. Pitisha waya chini, sio juu, na uzibe tundu lake. Sisimizi na mijusi hupenda vijumba vyenye joto, na mjusi aliyekauka juu ya kibao ni kitu ambacho kila fundi wa mageti amekiona.

Chemchemi za betri zikiota ukungu wa kijani au mweupe, safisha. Uchafu mweupe wa betri ya alkalaini iliyovuja hutoka kwa matone ya siki au ndimu, kisha futa kwa spiriti na uache ukauke kabisa.

Joto hufanya mambo mawili. Huharakisha betri kujila yenyewe, hasa ndani ya kisanduku cha chuma kinachoota jua la kaskazi. Pia huyumbisha vipokezi vya bei ya chini, ambavyo masafa yake yamewekwa kwa koili. Mchana wa jua kali koili husogea, rimoti inasikika kwa shida, watu wanabonyeza kwa muda mrefu, nao wanasema betri zimeisha. Jioni geti linafunguka vizuri. Ukiona dalili hiyo, usibadilishe betri. Hamisha kisanduku kivulini, au nunua kipokezi kinachoshikiliwa na kioo cha kwatsi. Hakikisha pia rimoti na kipokezi ni vya masafa mamoja. Vifaa vya megahezi 315 vilivyokusudiwa masoko mengine huchanganyika madukani na vya 433, ambayo ndiyo masafa ya vifaa vidogo katika eneo la kimataifa la redio ambalo Kenya imo.

Kuta nene za mawe ya matumbawe, nguzo za zege na mabati hupunguza mawimbi. Kwa Zigbee na Z-Wave, ujumbe usiojibiwa hurudiwa, na kila kurudia ni betri. Mara nyingi kusogeza kifaa mita mbili kutoka kwenye jokofu au mlango wa chuma kunafaa kuliko betri za bei ghali. Chaja mbovu za simu na taa za LED zisizo na jina huchafua hewa ya redio pia, na kipokezi kinachoamshwa na uchafu hakipati usingizi.

Mwenye nia mbaya

Kwa kawaida habari za usalama wa rimoti huishia kwenye kunakili. Rimoti ya msimbo usiobadilika hurekodiwa na kurudiwa kwa urahisi, na alama 20 za utambulisho ni michanganyiko milioni moja na kidogo tu. Kwa geti la mtaani tumia rimoti zenye msimbo unaobadilika kila ukibonyeza.

Lakini kifaa cha betri kina udhaifu wa pili. Mtu akikaa nje na kitumaji, akituma milio ya kuamsha bila kukoma, kufuli lako halilali. Hajui msimbo, haufungui mlango, ila anamaliza betri za miezi katika siku chache. Kufuli lililotengenezwa vizuri likiona maombi mengi ya uongo hupunguza kuamka kwa muda. Hata hiyo ina bei, kwani wakati huo mwenyewe naye anachelewa kufunguliwa. Kwa hiyo kufuli lolote la redio liwe na njia ya pili. Baadhi yana vituo viwili vya chuma chini ya kicharazio, ambapo unagusisha betri ya volti 9 kutoka nje na kupata nguvu ya kuingiza namba. Mengine yana tundu la ufunguo. Lisilo na hata moja, usilifunge kwenye mlango pekee wa nyumba.

Betri zipi

Mawe ya tochi ya bei ya chini, yale ya zinki na kaboni, hubeba chini ya nusu ya alkalaini na huvuja mapema. Hayafai kwa kufuli, ambalo mota yake huhitaji mkondo mkubwa kwa ghafla. Volti hudidimia, chipu inazimika katikati ya kugeuza komeo. Za kuchaji za NiMH hutoa volti 1.2 badala ya 1.5, na vifaa vingi vitadai ziko karibu kuisha hata zikiwa zimejaa. Lithiamu za AA za volti 1.5 zisizochajiwa ni ghali, lakini hazivuji kwa urahisi na hustahimili joto. Kwa kufuli la nje naona zinalipa. Usichanganye mpya na kuukuu, wala aina mbili.

Kupima bila mashine ghali

Mita ya kawaida haipimi vizuri kifaa kinacholala na kuamka, kwani namba zinarukaruka. Fundi anaweza kutumia kapasita. Chukua ya mikrofaradi 4,700 inayohimili volti 10 au zaidi, iunganishe sambamba na kifaa kwa kufuata chanya na hasi, weka betri, ngoja dakika kumi itulie. Kisha chomoa betri na utazame volti zikishuka kutoka 4.5 hadi 3.5. Zikichukua sekunde 100, kifaa kinakula wastani wa mikroampea 47, kuamka na kulala kukiwa ndani yake. Zikishuka kwa sekunde moja na kidogo, una kipokezi cha miliampea 4 kinachokesha, na betri zako zitaisha mwezi huu.

Kwa wanaouguza watu nyumbani, kipimo cha thamani zaidi ni kingine. Ukinunua kengele ya mgonjwa, uliza kama kipokezi chake hulia betri zikikaribia kuisha, na kama kitufe hupata jibu kutoka kwa kipokezi kabla ya kuwasha taa yake. Zile za bei ya chini hazifanyi hata moja. Kitufe huwasha taa kwa kuwa kimebonyezwa, basi. Kwa hizo chagua kipokezi cha kuchomeka kwenye soketi chenye betri ya akiba, na kibonyezwe kila jioni kabla ya kulala, mtu mmoja akiwa kitandani kwa mzee na mwingine akiwa upande wa kengele.